Uani Juu ya Ghorofa ya Saba

Mboga za Kariakoo hufika gizani. Kabla ya adhana ya alfajiri malori madogo huwa yamekwisha kushusha matenga ya nyanya na viroba vya kabichi, na mikokoteni inasukumwa kwa kelele za "mzigo, mzigo" kuelekea Mtaa wa Mkunguni na Mtaa wa Swahili. Mchicha huja juu ya baiskeli, juu ya bodaboda, kichwani. Mwingine hulimwa mabondeni humu humu jijini. Ikifika saa tatu asubuhi majani yameshaanza kulegea, na wauzaji huyanyunyizia maji kwa chupa iliyotobolewa kizibo, fungu baada ya fungu, mpaka jua liwashinde.

Nilipita katikati ya mafungu hayo mwishoni mwa Februari, wakati kaskazi imeanza kuchoka na masika hayajaanza. Joto la Dar es Salaam mwezi huo linakaa hata kivulini. Mtaa wa Kongo ulikuwa umejaa mashati yaliyotundikwa mpaka ghorofa ya kwanza, spika zinatangaza bei, kuli wanapiga mluzi watu wapishe. Nilipinda kona, nikapita maduka ya vitenge yenye harufu ya wanga na rangi mpya, nikaingia kwenye mlango mwembamba kati ya duka la sufuria na duka la nyaya za umeme.

Ngazi zilianza hapo. Lifti ilikuwepo, lakini ilikuwa imejazwa maboksi.

Ghorofa tatu za chini ni stoo. Maboksi yamepangwa mpaka darini, na kwenye kila kituo cha ngazi hewa ina harufu ya karatasi, plastiki na jasho la wabebaji. Ghorofa ya nne mtu ameweka viatu nje ya mlango na hapo ndipo makazi yanapoanza: harufu ya vitunguu vinavyokaangwa, sauti ya redio, mtoto anayesoma kwa sauti. Ghorofa ya sita nilisimama kupumua. Ya saba ina mlango wa chuma uliopakwa rangi ya kijani, na nyuma yake kuna ngazi fupi ya mwisho, ya zege tupu, isiyo na vishikio.

Juu ya paa jambo la kwanza nililolisikia lilikuwa maji.

Paa la ghorofa za Kariakoo kwa kawaida ni mahali pa kuweka vitu visivyo na pa kwenda. Kuna matangi meusi ya maji yaliyopangwa mstari, madishi ya televisheni yaliyogeukia angani, kamba za nguo, vyuma vya nondo vilivyoachwa vimesimama kwa ajili ya ghorofa ambayo huenda ikajengwa siku moja. Hapa vyote hivyo vilikuwepo. Lakini upande wa kusini, chini ya turubai la wavu wa kijani linalopunguza jua, palikuwa na shamba. Siwezi kupaita bustani ya maua, wala vikopo vya mapambo. Kulikuwa na mchicha uliofika magotini, chainizi yenye mashina meupe yaliyonona, matembele yaliyomwaga marando yao mpaka sakafuni, pilipili, mnanaa, na mrehani mwingi kuliko mboga yoyote, ukinukia kila upepo ulipoupitia. Chini ya majani hayo yote hapakuwa na chembe ya udongo.

Mfumo wenyewe ni rahisi kuuona na si rahisi kuusahau. Matangi mawili ya plastiki nyeupe ya mraba, yale ya lita 1,000 yanayokuja bandarini yakiwa ndani ya kizimba cha chuma, yamekatwa sehemu ya juu. Sehemu ya chini imebaki na maji yapata lita 700, na ndani yake wanaogelea sato. Sehemu iliyokatwa imegeuzwa juu chini, ikawekwa juu ya tangi kwenye fremu ya chuma, ikajazwa kokoto kwa kina cha sentimita 30. Pembeni kuna mapipa manne ya bluu yaliyopasuliwa katikati kwa urefu, yakawa vihori vinane, navyo vimejazwa kokoto. Pampu ndogo iliyozamishwa ndani ya tangi inasukuma maji ya samaki juu kwenye kokoto. Kokoto zikijaa, mrija uliofichwa katikati ya kihori unayavuta maji yote kwa mkupuo, yanarudi kwa samaki. Mafundi huuita sifoni. Kwa dakika kadhaa husikii kitu. Kisha maji yanaguguma, yananyonywa, yanamwagika tangini kwa kishindo, povu linapanda, na sato wanakimbilia pale yanapoangukia. Baada ya hapo kunatulia tena. Vihori havijazi kwa pamoja, hivyo kila wakati kuna kimoja kinachomwagika.

Ukipima vihori vyote havifiki mita saba za mraba. Nilivizunguka kwa hatua, nikarudia, kwa sababu wingi wa majani ulinifanya nisiamini.

Mwenye mahali ni bibi wa miaka sabini na kitu, amejifunga kanga mbili, amekaa kwenye kigoda kivulini akichambua matembele. Nilimwamkia. "Marahaba, mwanangu. Karibu uani," akasema, na akarudi kwenye majani yake.

Alisema uani, na hakusema kwa mzaha. Kiwanja ambacho ghorofa hili limesimama juu yake kilikuwa cha baba yake. Palikuwa na nyumba ya Kiswahili ya aina iliyoijaza Kariakoo kwa miaka mingi: vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, baraza mbele inayotazama mtaa, na uani nyuma. Baraza ilikuwa ya wanaume na wapita njia. Uani ndipo nyumba ilipoishi. Wapangaji wa vyumba vyote walipikia hapo, kila mmoja na jiko lake. Palikuwa na kisima, kinu, mpapai, kuku, kamba ya nguo, bafu la makuti. Mtu akiugua, uani ilijulikana kabla ya chumbani kwa jirani. Mwali alichezwa hapo. Maiti iliandaliwa nyuma ya pazia lililofungwa hapo.

Kisha thamani ya ardhi ikapanda na ubia ukaingia. Utaratibu huu Kariakoo wote wanaujua: mwenye kiwanja hana fedha za kujenga, mwenye fedha hana kiwanja, wanaandikiana mkataba, nyumba inavunjwa, ghorofa linapanda, na familia inapewa nyumba chache juu na pengine fremu ya duka chini. Bibi alipata nyumba mbili ghorofa ya saba. Ni nzuri, zina vigae na mabomba ya ndani. Alipohamia, aliniambia, alikaa miezi mingi bila kujua jina la mtu wa mlango wa pili.

Nadhani hilo ndilo lililonishika kuliko samaki. Kila anayeandika juu ya Kariakoo huandika juu ya ghorofa zilizoongezeka, na ni haki, kwa maana zinaonekana. Kilichopungua ni ua, na ua hauonekani ukiwa barabarani hata ulipokuwepo.

Mfumo aliujenga mjukuu wake, kijana aliyewahi kufanya kazi na mafundi bomba wa mtaa wa Gerezani. Yeye ndiye aliyenizungusha, akizungumza taratibu na kugusa kila kitu anachokitaja. Alianza na nguzo. Lita moja ya maji ni kilo moja, alinikumbusha, na kokoto ni nzito kuliko maji. Ukijumlisha matangi na vihori, juu ya paa pamewekwa karibu tani nne. Kwa hiyo kila tangi limekaa juu ya kichwa cha nguzo, na vihori vimefuata mihimili, na katikati ya sakafu pameachwa wazi. Alionyesha kwa mguu mahali mhimili unapopita, ingawa juu hakuna alama. Hakuna Kariakoo anayelichukulia jambo hilo kwa wepesi tangu jengo la ghorofa lilipoporomoka hapa Novemba 2024 na kuua watu. Kabla ya kupandisha hata ndoo moja ya kokoto walimwita mhandisi. Bibi aliuza cheni ya dhahabu kumlipa.

Kokoto nazo zilikuwa na kisa. Zinazopatikana kwa urahisi pwani nyingi ni za mawe ya chokaa, na chokaa huyafanya maji yawe na alkali kupita kiasi, mimea ishindwe kula. Kijana alinionyesha namna ya kuzitambua: aliokota jiwe moja jeupe kutoka kwenye ndoo ya yaliyokataliwa, akalikamulia ndimu. Likatoa povu, kidogo lakini wazi. Akachukua jingine, la kijivu lenye vimetameta, akalikamulia. Halikufanya kitu. Hizi ni kokoto za Lugoba, upande wa Chalinze, ngumu na nzito, na zilipandishwa ngazi hizi zote kwa viroba mgongoni. Walizisuuza mpaka maji yakatoka safi.

Ndani ya kokoto hizo ndimo kazi inapofanyika, na haionekani kwa macho. Samaki anakula, anatoa amonia kwenye mashavu yake na kwenye kinyesi. Amonia ikiachwa tangini inamuua aliyeitoa. Kwenye kokoto zenye unyevu na hewa huota bakteria. Kundi moja huigeuza amonia kuwa naitriti, ambayo bado ni sumu, na kundi jingine huigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo mmea huifyonza na kuifanya jani. Maji yanayorudi tangini yamesafishwa. Hakuna mbolea ya dukani iliyotiwa, na maji hayamwagwi. Yanayopotea ni yale yanayonywewa na majani na yanayopaa kwa jua, na hayo hujazwa kila jioni kwa ndoo chache.

Bakteria hao hawanunuliwi sokoni. Huja wenyewe, polepole. Wiki tano au sita za mwanzo maji hubaki hatari, na hapo ndipo wengi wa wanaojaribu jijini hupoteza samaki wao: wanaweka vifaranga siku ile ile pampu inapowashwa, wanaona wanakufa, wanaacha matangi yakauke. Kijana aliweka samaki wanane tu kwanza, akawalisha kwa kubana, akasubiri.

Sasa wapo arobaini kila tangi. Niliinama kutazama. Maji yana rangi ya chai hafifu, si machafu, yana harufu ya mto baada ya mvua. Sato walikuwa wamelala chini, migongo ya kijivu, mistari myeusi kwenye mikia. Kivuli changu kilipowafikia walijua ni binadamu na wakapanda wote. Wakubwa wanajaza kiganja cha mtu mzima na kupita. Vifaranga wao hutoka Kingolwira, nje kidogo ya Morogoro, yapata kilomita 190 kutoka hapa, ndani ya mifuko ya plastiki iliyopulizwa oksijeni. Husafirishwa usiku, kwa kuwa mchana basi huwa jiko. Ni madume matupu. Majike yakiwemo, sato huzaliana mapema mno, tangi likajaa samaki wadogo wasiokua.

Chakula hupimwa kwa kikombe cha plastiki chenye mstari wa kalamu: gramu 240 kwa siku kwa samaki wote, asubuhi na alasiri. Si upungufu wa mkono. Kwa mboga za majani, gramu 40 au 50 za chakula cha samaki kwa siku hutosha mita moja ya mraba. Ukizidisha chakula maji yanaharibika, ukipunguza mchicha unapauka. Punje zinaelea. Alipozimwaga, uso wa maji ulichemka, midomo ilifunguka kwa mlio mkavu wa kubusu, na baada ya dakika chache hapakuwa na punje hata moja. Chakula hicho ndicho gharama kubwa kuliko zote. Ili kupunguza, wanafuga funza wa nzi weusi kwenye ndoo yenye maganda ya matunda kutoka sokoni, na bibi huongeza dagaa waliosagwa na pumba.

Pipa moja limefunikwa kwa ubao na jiwe juu. Hilo ni la kambale. Kambale huvuta hewa kwa juu, huvumilia maji mabaya, huruka nje usiku na hulana wao kwa wao. Kijana hawapendi, lakini kuna mteja mmoja anayewataka.

Simuni mwake ana picha za mifumo ya watu wa mbali. Alinionyesha mmoja: gereji ya nyumba katika nchi ya baridi, tangi la duara, na ndani yake trauti, samaki mwembamba mwenye madoadoa na ubavu mwekundu, juu yake saladi na kabichi. Aliniuliza nini kingetokea trauti akiletwa hapa, ingawa jibu alikuwa nalo. Alizamisha kipimajoto tangini. Kilisoma nyuzi 30, na ilikuwa saa tisa alasiri chini ya kivuli. Trauti hustawi kwenye nyuzi 10 mpaka 16. Maji yakivuka 24 huanza kufa. Tena joto linaiba hewa: lita ya maji ya nyuzi 10 hubeba zaidi ya miligramu 11 za oksijeni, ya nyuzi 30 hubeba saba na nusu tu, na trauti ni samaki wa maji yanayokimbia. Afrika Mashariki yupo, lakini juu milimani. Walowezi wa Kiingereza walileta mayai ya ndugu yake, trauti wa kahawia, kutoka Scotland na kumpandikiza katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, mwaka 1905, na mpaka leo Kiganjo karibu na Nyeri hutotoleshwa vifaranga wa trauti kwa maji yanayoshuka Mlima Kenya.

Sato alisafiri kinyume chake. Ni samaki wa Mto Nile na baadhi ya maziwa yetu. Wamisri wa kale walimchora makaburini, na Ziwa Victoria, ambako sasa ndiye tunayemdhani mwenyeji, alipandikizwa miaka ya 1950. Watafiti katika kisiwa cha St. Croix, bahari ya Karibi, walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuunganisha tangi la samaki na kitalu cha mboga, kwa sababu kisiwa chao kilikuwa na maji haba na udongo haba, samaki waliyemtumia alikuwa huyu na ndugu zake. Kijana alifurahi kuliko nilivyotarajia nilipomweleza hilo. Akalitazama tangi upya.

Tulikwenda ukingoni. Kutoka hapo Kariakoo imelala chini yako yote: mabati yenye kutu ya nyumba chache zilizobaki, zimebanwa kati ya kuta za ghorofa, vichwa vya watu Mtaa wa Kongo, mabasi ya mwendokasi yakiteleza Mtaa wa Msimbazi, mbali zaidi, winchi za bandarini. Na Soko Kuu. Paa lake ni makombe makubwa ya zege yaliyosimama juu ya nguzo moja moja, miavuli iliyopinduliwa ikingojea mvua. Na kweli ndicho yalichojengewa. Msanifu wake, Mtanzania, aliyachora ili yaingize hewa pembeni na kukusanya maji ya mvua, yashuke ndani ya nguzo mpaka kwenye hifadhi ya chini ya ardhi. Soko lilifunguliwa mwaka 1975. Liliungua Julai 2021. Nimelipita mara nyingi nikiwa chini bila kuliona paa. Lazima upande ndipo uelewe kwamba mtu fulani, nusu karne iliyopita, aliwaza maji ya Kariakoo kutoka juu.

Bibi naye ana mfereji wa bati unaokinga mvua na kuipeleka kwenye moja ya matangi meusi. Maji ya mvua ndiyo bora kwa samaki. Ya visima vya katikati ya jiji mengi yana chumvi. Ya bomba, yanayotoka Mto Ruvu, yana klorini, hivyo hukingwa kwenye ndoo wazi siku mbili ili klorini ipae kabla hayajaingia tangini. Ukisahau, unaua bakteria na samaki kwa mkupuo mmoja. Februari mvua hakuna, na ndoo za bluu zilikuwa zimepangwa juani, mdomo wazi, zimefunikwa kwa kipande cha wavu.

Nyavu ziko kila mahali hapa. Ni nyavu kuukuu za wavuvi, zilizonunuliwa soko la samaki la Feri, bado zinanuka bahari kwa mbali. Zimefunika matangi kwa sababu ya kunguru. Kunguru hawa wa jijini, wenye shingo ya kijivu, waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 na kutoka hapo wakaitawala pwani yote. Nilipokuwa pale walikuwa kumi hivi kwenye nondo zilizosimama, wakigeuza vichwa. Wanajua saa ya kulisha. Kabla ya nyavu walichukua vifaranga kumi na mbili kwa asubuhi moja, na bibi bado anawatupia maneno makali.

Adui mwingine ni umeme. Pampu ni ndogo, inakula kidogo kuliko balbu za zamani, lakini ikisimama kwa saa mbili katika joto hili samaki wanaanza kuja juu wakitweta. Pembeni, ndani ya ndoo iliyofunikwa, kuna betri ya gari inayoendesha pampu ya hewa peke yake. Umeme ulikatika tukiwa tunaongea. Sauti ya maji ilikoma, na kwa mara ya kwanza nikausikia mji wote uliokuwa nyuma yake: honi, jenereta zinazowashwa moja baada ya nyingine, mtangaza bei aliyepoteza spika yake akiendelea kwa koo. Kijana aliinuka, akagusisha waya, na mapovu yakaanza kupanda. Bibi hakuinua macho.

Si kila kitu kinakubali. Nyanya zimegoma, usiku wa Februari hauna ubaridi na maua yanadondoka kabla ya kushika. Majani ya bamia yalikuwa na manjano katikati ya mishipa, dalili ya upungufu wa madini ya chuma, ambayo chakula cha samaki hakina ya kutosha. Huongezwa kwa unga mwekundu unaoyeyuka, kutoka duka la pembejeo kando ya soko. Vidukari walikuwa wamejaza ncha za pilipili. Hao huondolewa kwa vidole. Dawa ya wadudu haiwezi kupulizwa hapa, wala maji ya sabuni, kwa maana kila tone linaishia kwa samaki na samaki hufa kabla ya mdudu.

Na hiyo ndiyo sababu wateja wanapanda ngazi. Wakulima wa mabondeni wamelilisha jiji hili kwa vizazi, kwa jembe na ndoo mbili za kumwagilia, na sina neno la kuwapunguzia. Lakini tafiti za Bonde la Msimbazi zimekuta metali nzito, risasi ikiwemo, kwenye maji ya mto ule na kwenye mboga zinazomwagiliwa kwayo, na maji taka ya viwanda na nyumba hayakuletwa na mkulima. Mama mwenye mtoto mchanga akinunua fungu sokoni hana namna ya kujua lilinyweshwa nini. Hapa anaonyeshwa samaki. Wako hai, kwa hiyo maji ni salama; anakubali bila maelezo zaidi.

Kwa wingi, shamba hili halishindani na lolote. Mafungu kumi na tano hadi ishirini ya mboga kwa siku nzuri, na sato themanini kila baada ya miezi saba au minane, wakifikia gramu 300 na zaidi. Lori moja la alfajiri linabeba mboga ambazo paa hili haliwezi kuzitoa kwa mwaka. Nilipiga hesabu hiyo nikiwa nimeegemea ukingo, na sikuona kuwa imepunguza kitu. Nyumba kumi na mbili za ghorofa hili hula mboga za hapa, na watu wake hupanda kuzichukua, na wakipanda hukaa. Vigoda vimeongezeka. Kuna mkeka. Kuna kinu, ambacho bibi alikihifadhi tangu nyumba ya zamani ilipovunjwa, na msichana wa ghorofa ya tano alikuwa akitwanga ndani yake kisamvu, akipokezana mchi na mdogo wake.

Watu wa pwani wana neno na samaki wa maji baridi. Wamezoea changu na kolekole. Sato kwao hunuka tope. Bibi naye alikuwa hivyo. Dawa yake ni kumhamisha samaki kwenye pipa la maji safi na kumnyima chakula siku nne mpaka tano kabla ya kumla, harufu iishe. Walikuwepo wanne kwenye pipa hilo. Mmoja alitolewa mbele yangu kwa wavu wa mkono, akapigwa mara moja, akaparuliwa magamba juu ya ubao. Alikaangwa hapo hapo kwenye jiko la mkaa, kwa chumvi na ndimu tu, tukamla kwa ugali na mchicha wa nazi. Nyama yake ilikuwa nyeupe, imeshikamana, na sikusikia tope. Mchicha ulikuwa na utamu ambao nilikuwa nimeusahau, ule wa jani lililokatwa na kuingia chunguni kabla halijajua limekatwa.

Jioni ni ya mrehani. Huo ndio unaolipa chakula cha samaki. Alhamisi na siku za harusi mahitaji hupanda. Wanawake wanaotengeneza vikuba huutaka ukiwa mbichi, pamoja na asumini, na asumini haipo hapa, kwa hiyo inatoka kwingine. Bibi huukata mwenyewe kwa mkasi, asubuhi sana au jua likizama, kamwe mchana, na huufunga kwenye jani la mgomba lililoloweshwa. Mikono yake ilikuwa inanukia mpaka viwikoni.

Jua lilipokuwa limeshuka nyuma ya ghorofa za Ilala, upepo wa baharini ukaingia na watu wakaanza kupanda kweli. Mwanamke wa ghorofa ya nne alikuja na bakuli, mtoto kiunoni.

"Bibi, nataka chainizi mafungu mawili. Na sato mmoja, mkubwa."

"Chainizi chukua. Sato wakubwa hakuna mpaka Jumamosi, waliopo pipani ni wa watu."

"Nitalipa leo leo."

"Hata ukilipa leo. Lete daftari," akamwambia mjukuu, "muandike Jumamosi. Na wewe kaa kwanza, mwanao huyo mbona anakohoa?"

Yule mwanamke akamshusha mtoto kwenye mkeka. Kijana akaandika. Kihori cha tatu kikajaa na kuanza kumwagika, na mtoto akatambaa kwenda kuangalia.